Upinde wa Chui wa Dagoretti Corner

Pale Dagoretti Corner, nyuma ya mafundi wanaopanga makochi na vitanda kando ya Ngong Road kana kwamba barabara nzima imealikwa kulala, kuna benchi la saiprasi lenye miguu mitatu na nusu. Ile nusu imesimamishwa juu ya kipande cha kigae. Kuanzia saa tatu asubuhi huketi hapo bunge ambalo halijawahi kuvunjwa. Yuko Mungai, aitwaye Dakika kwa sababu hupita "dakika moja tu" akaondoka jua likizama. Yuko Peres, muuza soksi za mitumba, aitwaye Jaji kwa sababu hukumu zake hazina rufaa. Na yuko Injinia, fundi wa kukarabati viti, aliyelichonga benchi hilo kwa mikono yake na ambaye, ukimpa nafasi, atakuambia aliuchonga na mji wenyewe. Kahawa ni ya Kasyoki: chungu, ya tangawizi, kutoka birika linaloketi juu ya jiko la makaa mlangoni pa kibanda chake cha mabati. Na ndani ya kibanda, juu ya birika, kwenye msumari, umetundikwa upinde uliofungwa shanga, na chini yake kadibodi iliyoandikwa kwa mkaa: UPINDE WA CHUI.

— Basi Jumamosi unauteremsha saa ngapi? Mungai aliuliza, akiipuliza kahawa yake.

— Saa nne kamili, Injinia alijibu. Wakwe wa binti yangu Shiko wanatoka Kerugoya alfajiri. Wazee kumi na wawili, wote na kofia. Wakishakula mbuzi, nasimama, nashika upinde hivi, nawaambia: mnajua mnaoa kwa nani? Mnaoa kwa kina Karegi, babu yangu, mtu aliyelaza chui.

— Chui mmoja ama wawili? Peres aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa akitafutia soksi wenzao mapajani.

— Mmoja, Jaji. Si hadithi unaijua?

— Naijua sana. Mwaka juzi alikuwa mmoja. Krismasi wakawa wawili.

— Alikuwa mmoja, lakini alikuwa na mimba.

— Na mshale?

— Mshale mmoja. Msitu wakati huo ulikuwa unafika mpaka hapo umeketi. Karegi alisikia majani yakisema fyaa, akavuta...

— Akavuta nini? Hiyo kamba? Peres alielekeza soksi ya kijani kwenye kibanda. Nimekaa hapa miaka saba nikiangalia hiyo kamba. Upinde wa kuua, kamba yake imekazwa mpaka ukiigusa inalia. Muulize Kasyoki, Wakamba ndio wenye pinde. Hiyo yako imelegea kama soksi ya mtoto wa nasari.

— Babu aliilegeza mwenyewe. Silaha ikishaua inapumzishwa.

— Kweli kabisa, Mungai akasema. Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo inaingia wapi, Dakika?

— Inaingia tu. Kwani upinde haujakunjwa?

Kasyoki alicheka kwa mabega, kama kawaida yake, akamwongezea Injinia kahawa. Injinia alikuwa amevimba kwa raha. Upinde ule ulikuwa umemfikisha mbali. Ulikuwa umepelekwa shule moja ya mtaa wa Satellite siku ya utamaduni, watoto wakapanga foleni kuugusa. Ulikuwa umeinuliwa kwenye posa ya Shiko, na mzee mmoja wa upande ule akavua kofia. Mtu anayeishi kwa kugundisha miguu ya viti vya watu anahitaji kitu cha kumsimamisha mbele ya wakwe, na Injinia alikuwa na chui.

Ndipo akaja binti mmoja wa Kihindi, nywele kazifunga kichwani na kuzichomeka penseli, kabeba kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa cha buluu kama mtoto mchanga.

— Habari zenu, wazee. Sasa, mathe.

— Poa, mrembo. Soksi?

— Leo hapana. Naitwa Ravneet, natoka mtaa wa Mountain View. Namtafuta fundi mmoja. Anaitwa Jamleck.

Mungai alitazama kulia, akatazama kushoto, kana kwamba huyo Jamleck angeweza kuwa amejificha chini ya benchi.

— Jamleck? Hapa tuko na Injinia, tuko na Jaji, na mimi ni Dakika. Huyo Jamleck labda umtafute upande wa steji.

Kijiweni jina la kitambulisho ni kama chupi: kila mtu analo, na hakuna anayeomba kuliona. Ni Kasyoki peke yake aliyelijua, maana kila Injinia alipolipia kahawa kwa simu, jina lilijitokeza lenyewe kwenye kioo: JAMLECK. Kasyoki alimtazama Injinia. Injinia aliitazama kahawa.

— Huyo Jamleck, Injinia aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua uzito, amefanya nini?

— Hajafanya kitu. Alikuwa mwanafunzi wa babu yangu, Mohinder Singh. Babu alikuwa na karakana mjini, nyuma ya River Road. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vyombo ameandika wanafunzi wake wote na penseli. Kumi na mmoja. Tisa wamekufa, mmoja alienda Leicester. Amebaki Jamleck. Kuna mtu wa hardware akaniambia kitambo alionekana huku Corner.

— Na unamtaka wa nini?

Ravneet aliketi ukingoni mwa benchi, akafungua kitambaa.

Kilikuwa kigogo cha mti mweusi, kirefu kama shubiri mbili, kimechongwa kikawa mviringo, kimebanwa kiunoni kama nyigu. Hapo kiunoni kiling'aa kwa kusuguliwa. Mwisho mmoja kilikuwa na kishikio kama nusu ya yai, kinachozunguka peke yake ukikigusa. Mwisho wa pili ulitoka chuma chembamba, ncha yake bapa kama mkuki wa siafu.

— Nataka aniambie hii ni nini, Ravneet akasema. Nyumbani hakuna anayejua.

Injinia alikijua. Alikijua kama ulimi unavyoyajua meno. Na alijua pia kwamba kile kilikuwa nusu, na nusu ya pili ilikuwa inaning'inia hatua nne kutoka hapo, juu ya birika, imevaa shanga.

Mwaka wa tisini alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, anafagia unga wa mbao kwa Mohinder Singh. Chombo kile kilikuwa cha baba yake Mohinder, aliyeshuka nacho Mombasa kutoka Punjab akafundishwa na mafundi wa pwani kukiita keke. Mohinder hakukubali mwanafunzi ashike mashine ya umeme kabla hajatoboa matundu mia kwa keke, yote yamenyooka. Jamleck alifika sitini na matatu. Kila tundu likipinda, mzee alimgonga kiwiko kwa futi ya mbao: "Kiwiko! Kiwiko!" Ijumaa moja, kiwiko kikimuuma na wenzake wakicheka, aliuficha upinde wa keke ndani ya koti akaondoka nao. Aurudishe Jumatatu, mzee akishatafuta kidogo. Jumatatu ilikuja na aibu yake. Jumanne ikaongeza. Aibu hailipiwi nauli, lakini inakupeleka mbali: miaka ikapita thelathini na zaidi. Na katikati ya miaka hiyo msichana mmoja, yule ambaye baadaye alimzaa Shiko, aliuona ukutani akauliza, "Hiki ni nini?" Akashindwa kumwambia ni cha kutobolea mbao, na tena cha wizi. Alipofungua mdomo, akatoka chui.

— Lete nione, Mungai akasema, akikipindua kile kigogo mikononi. Hii ni rahisi. Hii ni pini ya chapati ya safari. Hii ncha ni ya kuangalia kama zimeiva.

— Chapati inadungwa? Peres akamnyang'anya. Hii ni ya uzi. Nyuzi za sufu zinazungushwa hapa kiunoni. Huyu mzee alikuwa anasuka soksi.

— Fundi wa mbao asuke soksi?

— Kwani wewe unafanya kazi gani, Dakika? Na bado unavaa.

— Mimi naona ni ya meno, Kasyoki akasema. Zamani reli ilikuwa na daktari mmoja tu. Jino likiuma hapa Kikuyu, yeye yuko Makindu. Kwa hiyo kila behewa lilipewa hii.

— Nani anatoboa?

— Aliyekaa karibu na wewe.

— Wacheni utoto, Mungai akainuka. Sasa nimeelewa. Nairobi ilikuwa nini kabla ya kuwa Nairobi? Bwawa. Mbu na vyura. Na maji yote yalienda wapi? Si walitoboa chini? Na ukitoboa si lazima uzibe? Alikiinua chombo juu kama kikombe cha ushindi. Hii ni kizibo cha Nairobi! Ndiyo sababu siku hizi mvua ikinyesha kidogo tu mitaa inaogelea. Huyu mzee alikichomoa, akakiweka kwa sanduku. Binti, rudisha hii kitu mahali ilikuwa kabla ya Aprili!

— Na iko wapi hiyo shimo?

— Chini ya Jumba la Jiji. Hapo usinitaje jina.

Hata Ravneet alicheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyekisahau kwa muda.

— Injinia, Peres akasema, umenyamaza kama umekula ugali wa wenyewe. Wewe si ndiye unajua vyombo vyote? Amua.

Wote wakamgeukia. Mungai akamwekea kile chombo mapajani. Mti ulikuwa na harufu ileile, ya mafuta ya nazi na jasho la mtu mwingine.

— Ni ya... Injinia alikohoa. Ni ya kukuna nazi. Ile ya kizamani.

— Mountain View kuna nazi? Peres akauliza.

Ravneet alikuwa ameshaacha kucheka.

— Babu alipata kiharusi, miezi miwili sasa, akasema. Ulimi ndio ulienda. Hasemi chochote. Lakini mkono haupumziki. Anafanya hivi.

Aliweka kiganja cha kushoto juu ya goti akakandamiza. Mkono wa kulia akausukuma mbele, akaurudisha, mbele, nyuma, taratibu, ukiwa sambamba na ardhi.

— Mchana kutwa. Daktari anasema ni mishipa tu. Biji, nyanya yangu, anasema la, kuna kitu anataka. Tulimpa msumeno, akautupa. Tukampa randa, akatupa. Jirani akaleta fidla, ile ya kanisani, babu akacheka halafu akalia. Nikafungua sanduku, nikampa hii. Hii hakutupa. Aliishika, akaisimamisha kwa goti na mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukaendelea tu hewani, hivi, hivi, halafu akaniangalia kama nimemnyima kitu. Tangu Jumapili amekataa kula. Anafunga mdomo. Biji anapika, anarudisha.

Makondakta wa upande wa pili wa barabara walionekana wameshusha sauti, ingawa hilo huenda lilikuwa tu masikioni mwa Injinia.

— Anaendesha mashua, Mungai alijaribu, lakini kwa upole. Ama anapanguza meza. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Dakika, Peres akasema, hiyo umeipiga palepale, sijui kama ulijua.

Injinia aliutazama mkono wa Ravneet, uliokuwa bado unakwenda na kurudi. Aliujua mkono huo. Alikuwa amesimama nyuma yake miezi kumi na minne, ukimwonyesha. Akahesabu: leo Jumatano. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Wazee kumi na wawili, wote na kofia. Shiko akiwa amevaa vizuri, akingoja baba yake asimame.

Anaweza kungoja, alijiambia. Mzee anaweza kula chakula cha Jumapili. Upinde ukishakula mbuzi Jumamosi, Jumapili asubuhi atauacha getini, Mountain View, usiku hata haujatoka vizuri, akimbie.

Lakini tangu Jumapili iliyopita hajala. Na mtu wa miaka themanini na minane hana Jumapili za kuazima watu.

Kasyoki aliinama kumjazia kikombe, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

— Kunywa, Jamleck, akasema, kwa sauti ambayo hata kikombe hakikuisikia.

Injinia alisimama. Aliingia kibandani, akapanda juu ya kreti ya soda, akauondoa upinde kwenye msumari. Kadibodi ilianguka karibu na jiko. Ukutani, kwenye masizi ya miaka, ulibaki upinde mwingine, mweupe.

— Wewe! Mungai akapiga kelele. Jumamosi bado!

Injinia alishuka kretini. Alizifungua shanga moja moja, zile ambazo Shiko alizifunga akiwa darasa la tano, akazitia mfukoni. Akakaa benchini kama mtu anayepanda punda. Akaikamata kamba ya ngozi, ile iliyolegea, akaizungusha mara moja kwenye kiuno cha kile kigogo. Ilikaza palepale. Ulegevu wote uliisha, hata wa ukucha haukubaki.

Soksi ilimwanguka Peres.

— Haki ya nani, akasema polepole. Kumbe haikuwa imelegea. Ilikuwa inangoja mwenzake.

— Inaitwa keke, Injinia akasema, macho yake yako kwenye mbao. Keke ya upinde. Unasimamisha hivi. Kishikio kiko kwa kiganja cha kushoto, unakandamiza. Upinde unasukuma mbele, mti unazunguka huku. Unavuta nyuma, unazunguka kule. Sasa angalieni ncha. Ncha ya mashine za siku hizi imenolewa inakata ikienda upande mmoja. Hii imenolewa pande zote mbili. Inakata ikienda, inakata ikirudi. Ukiona ncha bapa namna hiyo, na kiuno kimeng'aa hivyo, jua kuna upinde mahali fulani.

— Na wewe umejua aje?

— Mimi ndiye Jamleck.

Mungai alifungua mdomo kutafuta methali. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe, hakupata.

Ravneet alitoa simu, akapiga ya video. Akatokea mama mzee mwenye shela nyeupe, akaongea naye Kipunjabi kwa haraka, halafu picha ikayumba, ikapita dari, ikapita pazia, ikatulia juu ya mzee aliyekaa kwenye kiti cha mikono, kilemba kimefungwa vizuri, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Alikuwa mdogo kuliko Injinia alivyomkumbuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda. Mbele, nyuma.

— Tengeneza, Ravneet akasema. Aone.

Injinia aliisimamisha ncha kwenye ubao wa benchi, akasukuma upinde. Kamba iliteleza, kigogo kikaruka kutoka kiganjani, kikagonga birika, kikabingirika chini ya benchi.

— Chui ametoroka! Mungai akasema, halafu akajuta.

Kasyoki alikiokota, akakipangusa kwa aproni, akakirudisha. Injinia alizungusha kamba tena. Akasukuma. Kigogo kilizunguka mara tatu, kikayumba, kikachora shimo lililopinda kama herufi. Jasho lilimtoka. Akasukuma tena, vibaya zaidi.

— Ngojeni, Ravneet akasema. Ngojeni. Mkono umesimama.

Wote waliinamia simu. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umetulia juu ya mkono wa kiti. Macho yake yalikuwa yameing'ang'ania ile picha ndogo ya benchi. Halafu mkono wa kushoto ukainuka, polepole, ukavuka kifua, ukagonga kiwiko cha kulia. Tap. Ukangoja. Ukagonga tena, kwa hasira. Tap, tap.

— Ameumia? Sauti ya Biji ilisikika. Anaumwa mkono?

— Hapana, mama, Injinia akasema. Haumwi. Ananiambia mimi.

Akakishusha kiwiko mpaka kikawa sawa na kamba. Akakandamiza kwa kiganja. Akasukuma.

Krrr, ikaenda. Krrr, ikarudi. Unga wa saiprasi ulianza kutoka, mweupe, mwembamba, ukijikusanya kuzunguka ncha kama chungu wanaojenga. Krrr. Krrr. Kwenye simu, mkono wa mzee ulianza tena, lakini sasa haukuwa wa mtu anayeomba. Ulikwenda pamoja na wa Injinia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma, Mountain View na Dagoretti Corner wakitoboa ubao mmoja. Keke ilizama. Halafu ikapoteza uzito ghafla, na unga kidogo ukaanguka chini ya benchi juu ya kiatu cha Mungai.

Injinia akaichomoa. Mwanga wa jua ulipita kwenye tundu, ukaweka duara dogo ardhini.

— Limenyooka, Peres akatoa hukumu.

Mzee aliyafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama mkewe, akaelekeza kidole kitu kilichokuwa nje ya picha. Biji alisema jambo, sauti ikapasuka katikati.

— Anasema nini? Mungai akauliza.

— Ameonyesha kikombe, Ravneet akasema. Anataka chai.

Ravneet alikata simu, akajipangusa uso kwa ncha ya kile kitambaa cha buluu. Ndipo Mungai akamsogelea Injinia, karibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

— Sasa Injinia. Hakukuwa na chui?

— Hakukuwa.

— Hata yule mwenye mimba?

— Hata huyo, Dakika.

— Na Karegi?

— Karegi alikuwa anauza maziwa Kawangware. Alikuwa anaogopa paka.

Mungai alitikisa kichwa. Ilikuwa dhahiri kwamba paka wamemuuma zaidi kuliko uongo.

— Mimi hii hadithi nimeisimulia Nyahururu, akasema. Nimeisimulia kwa mazishi. Watu walipiga makofi.

— Jumamosi nitasimama mikono mitupu, Injinia akasema. Kofia kumi na mbili. Na Shiko amewaambia wote.

— Chukua fimbo yangu, Mungai akasema mara moja, macho yakimwaka. Useme ilimuua simba. Mimi nitakuwa shahidi.

— Nyamaza, Dakika, Peres akasema. Alipanga soksi zake mbili mbili kabla ya kuendelea, jinsi jaji anavyopanga karatasi. Injinia, sikiza hukumu. Mtu wa kuua chui, wakwe hawamhitaji. Kerugoya hakuna chui. Utasimama, utawaambia ulikuwa na mwalimu, ulimkosea, na ukamrudia akiwa bado hai. Wazee kumi na wawili, si kila mmoja wao ana mtu ambaye hakumrudia? Watavua hizo kofia wenyewe. Wasipovua, nitakuwa hapo nyuma nikiuza soksi, nitawavua.

Injinia alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Aliuviringisha upinde pamoja na keke ndani ya kitambaa, akakifunga kwa fundo ambalo hakujua kama vidole vyake bado vinalikumbuka. Akampa Ravneet. Ravneet hakukipokea; alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu.

— Beba wewe, ankol. Biji amesema uje nacho. Anasema babu amekunywa vikombe viwili na anaangalia mlango.

Akatangulia hatua mbili kuelekea barabarani. Halafu akageuka, akilitazama tundu lililokuwa kwenye benchi, na ule upinde mweupe uliobaki kwenye masizi ya kibanda. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa.

— Lakini ankol, hiyo miaka yote ulikuwa na huu upinde. Ulikuwa unatoboa nini?

Mungai aliangalia viatu vyake. Peres alishika soksi moja na hakuitafutia mwenzake. Injinia, ambaye katika benchi lile hakuwahi kukosa jibu hata la swali ambalo halijaulizwa, alikitia kidole ndani ya tundu, akakiacha humo.

Kasyoki alilitazama birika. Lilikuwa bado zito, kahawa haijapungua hata nusu. Alilifunika kwa kitambaa, akaliepua kwenye makaa.

— Kahawa imeisha, wazee, akasema.

Hakuna aliyebisha.